Kiapo cha Mtani

Aminiel Lyatuu alipoingizwa kwenye chumba cha kupimia, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtania aliyekuja kumpima.

"Msuya?" alisema, akisoma jina lililoshonwa kwenye koti jeupe. "Basi nimekwisha. Nimeua Mpare, na serikali imeniletea Mpare mwingine anipime."

Askari wawili waliomshika mabega walikunja nyuso. Nakijwa Msuya naye alijitahidi kukunja wake, ingawa kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni, na hilo lilimuudhi. Mtu anayekabiliwa na kitanzi hapaswi kuchekesha watu asubuhi asubuhi.

Wapare na Wachaga ni watani. Wenyewe husema utani huo ulianza pale mababu zao walipochoka kuibiana ng'ombe wakaamua kutukanana badala yake. Tangu hapo Mpare atamwambia Mchaga kwamba angemuuza mama yake akipata bei nzuri, na Mchaga atamwambia Mpare kwamba angempeleka kuku mahakamani kwa kuparua mlango. Na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kanuni za ofisi zilimkataza Nakijwa kumpima ndugu, jirani au mshirika wake wa biashara. Kuhusu mtani hazikusema neno, maana waliozitunga walidhani utani ni maneno tu.

"Keti, mshtakiwa," alisema.

Aminiel aliketi. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji nene, na alivilaza mapajani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Mikono imefanya nini?"

"Kazi," alijibu. Jalada nalo lilisema hivyo hivyo: jeraha la kazini. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu sheria haikuwa na shida na mikono yake. Ilikuwa na shida na kichwa.

Nakijwa alimvisha kofia ya nyuzi, akaanza kubana vishikizo nyuma ya masikio. Kisha mshtakiwa akasema, safari hii bila mzaha wowote, "Dada, nina ombi moja. Ukishaingia humo, ukatoka, uniambie."

"Nikwambie nini?"

"Kama niliua au nilitania. Mimi mwenyewe sijui. Naapa kwa Mungu, sijui. Ninalala nikijiuliza, ninaamka nikijiuliza. Wewe ndiye utakayeona."

"Siruhusiwi kusema na wewe nje ya mahakama."

"Najua. Lakini nimeomba."

*

Mtu akifa kwa mkono wa mwenzake, maiti ni ile ile. Aliyekatwa kwa panga lililonolewa tangu jana, aliyepigwa kofi kwenye ugomvi wa pombe akaangukia jiwe, aliyegongwa na dereva aliyekuwa akichezea simu, wote huoshwa kwa maji yale yale na kulala udongoni. Lakini sheria haiangalii maiti. Inaangalia kichwa cha aliyebaki hai, na humo ndimo inamotafuta Daraja. La Kwanza ni la aliyekusudia, na adhabu yake ni kunyongwa. Jaji hana ruhusa ya kupunguza hata chembe. La Pili ni la aliyepandwa na hasira ya ghafla akaua kabla damu haijapoa. La Tatu ni la mzembe, au mwenye mzaha wa hatari. La Nne ni la bahati mbaya tupu, na huyo hurudi nyumbani kulia.

Kwa miaka mingi majaji walikisia. Walisikiliza mashahidi, wakatazama uso wa mshtakiwa, wakakisia, na walipobaki na shaka, shaka hiyo ilikuwa mali ya mshtakiwa, ilimwokoa. Ndipo ukaja Mzani, mashine ya kupima nia. Mzani ulisoma nyayo za mawazo zilizobaki kichwani, ukazipanga kwa wakati, ukatoa Daraja. Mpimaji aliyevaa kofia ya pili alihisi kila kitu kama chake. Watu walishangilia. Walisema sasa shaka imekwisha nchini.

Kasoro moja tu iligunduliwa mapema. Mzani ulikuwa hauelewi mzaha. Mke akisema moyoni "huyu mume nitamtia sumu" huku akimpakulia chai, mshale wa mashine ulipanda. Kwa hiyo wataalamu waliongeza kichujio cha mzaha: swichi ndogo ya njano ambayo mpimaji aliweza kuibonyeza, na mawazo ya utani yakaondolewa kwenye hesabu. Ila ili kichujio kikubalike, mpimaji alitakiwa asimame mahakamani ale kiapo kwamba hana shaka hata kidogo. Akiwa na shaka, kichujio kinafutwa na jibu la mashine linabaki lilivyo.

Nakijwa alikuwa ameibonyeza swichi hiyo mara nyingi bila kukosa usingizi. Alivaa kofia yake, akafumba macho.

*

Kwanza alikuta ukungu. Ukungu wa mlima Shengena, mzito, wenye harufu ya majani mabichi, na ndani yake minara ya chuma imesimama na nyavu zake pana zikikamua maji ya kupeleka Same, tambarare, ambako mvua ilikuwa imegeuka hadithi ya wazee. Juu ya mnara alining'inia Togolai Mbwambo, fundi nyavu, Mpare mwenye kofia ya sufi nyekundu, akiimba vibaya. Chini, kwenye winchi ya kuvutia kamba, alikaa Aminiel.

Kamba iliyomshika Togolai ilikuwa na walinzi wawili: breki, iliyoshikwa kwa mkono, na pini, kipande cha chuma cha urefu wa kidole ambacho Aminiel alikipachika kila asubuhi kabla mwenzake hajapanda. Breki ikiachiwa, kamba inateremka kiganja kimoja, pini inaidaka. Huo ndio uliokuwa mchezo wao. Kila siku, Togolai akishazama kwenye wimbo, Aminiel aliachia breki. Kamba inashuka ghafla, Mpare anapiga yowe, anatukana ukoo mzima wa Lyatuu, halafu wote wawili wanacheka mpaka wanakohoa. "Leo nakuangusha, Mpare! Nimeshawekea oda wali wa matanga!" Na kila mara, kabla hajaachia, Aminiel aliona akilini picha ya Togolai akianguka. Bila picha hiyo mchezo usingenoga. Mzani uliihesabu picha hiyo mara nyingi mno, na kila mara mshale ukapanda. Nakijwa alitabasamu chini ya kofia. Hii ilikuwa kesi rahisi.

Ndipo alipofika Jumanne.

Walikuwa wanakula mchana. Mke wa Aminiel alikuwa amewafungia ndizi mbivu. Togolai alimenya moja, akaila kwa kufumba macho, akasema, "Hii imenona, bwana. Hii bila shaka imetoka kule kwa Anande."

Anande alikuwa binti wa Aminiel. Alifariki kwa homa akiwa darasa la pili, akazikwa kihambani kama desturi ya Wachaga, katikati ya migomba. Siku ya mazishi Togolai alikuwa amekuja kufanya kazi ya mtani. Alivaa sweta la shule la marehemu kichwani, akaomba msamaha kwa kuchelewa namba ya asubuhi shuleni, na wafiwa waliokuwa wamekauka kwa kilio walicheka hadi wakaweza kula. Aminiel alimpenda sana siku ile. Nakijwa aliuhisi upendo huo, mpana na wa joto.

Jumanne Aminiel alicheka pia. Alicheka hadi chai ikamwagika. Ndivyo mtani anavyotakiwa kufanya. Lakini ndani, chini ya kicheko, Nakijwa alikuta kitu kilichomfanya ashike mikono ya kiti. Hakikuwa na maneno. Kilikuwa kama jiwe la jiko lililosahauliwa motoni. Aminiel hakuwa na ruhusa ya kukasirika, kwa hiyo hakukasirika. Na hasira ambayo haikuruhusiwa kutoka ikaketi.

Jioni ya siku hiyo alibaki peke yake kwenye winchi akipaka grisi. Aliishika pini. Akaona ile picha ya kila siku, Togolai akianguka. Ila safari hii hapakuwa na wa kucheka naye. Picha ilianza, ikaendelea, ikafika chini, na yeye akaitazama yote.

Nakijwa alitaka kuvua kofia. Akajikaza.

Ijumaa asubuhi, baridi. Togolai anafunga mkanda, anapiga mluzi. Aminiel ana pini mkononi. Anawaza Togolai akianguka, kama anavyowaza kila asubuhi, anawaza ndizi, anawaza kwamba grisi imekwisha. Anaiweka pini juu ya boksi la vifaa. Nakijwa alirudia mahali hapo tena na tena, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Alisahau? Aliiacha? Mkono ulikwenda kwenye boksi ukarudi mtupu, na mawazo yale mawili, la mzaha na la Jumanne, yalikuwa yamesukana kama nywele zilizosukwa na mama mwenye mkono mzito. Hakuweza kuyafumua.

Togolai akapanda. Akaimba. Aminiel akaachia breki.

Hapo Mzani ulikata, kama kawaida yake. Nia hutangulia tendo, ndivyo sheria isemavyo; kinachofuata baada ya tendo ni majuto, na majuto hayapimwi. Kupitisha kipimo nje ya mpaka huo ni kosa la kinidhamu. Nakijwa alinyoosha mkono, akapitisha.

Kamba ilikuwa inakimbia. Aminiel alikuwa ameidaka kwa viganja vitupu, na kamba ya nyuzi za chuma ilikuwa inapita katikati ya viganja hivyo ikichukua ngozi na nyama, naye hakuachia. Alikuwa anapiga kelele jina la mwenzake. Nakijwa alipiga kelele pia, peke yake, ndani ya chumba cheupe, mpaka askari wakaingia.

*

"Una shaka?" aliuliza Bwana Rwegoshora, mkuu wake. Alikuwa Mhaya wa makamo, mstaarabu, mwenye tai iliyonyooka, na alikuwa akimpenda Nakijwa kama mtu anavyompenda mfanyakazi asiyemletea matatizo.

"Ninayo."

"Basi usiguse kichujio. Acha mashine iseme."

"Itasema La Kwanza, mkuu."

"Itakuwa imesema yenyewe. Si wewe."

"Na La Pili? Mtu alitukaniwa mtoto wake aliye kaburini."

"Jumanne. Akaua Ijumaa. Na alicheka, Nakijwa. Una mashahidi wanne waliomwona akicheka. Utamwambia jaji hasira ya ghafla ilichekelea kwanza, ikalala nyumbani siku tatu, ndipo ikaja kazini?"

Nakijwa alitazama viganja vyake. Havikuwa na alama yoyote, lakini vilikuwa bado vinawaka. "Alishika kamba," alisema.

Bwana Rwegoshora aliinuka akafunga mlango. "Umeonaje alichofanya baada ya tendo?" Kabla hajajibiwa aliinua kiganja. "Sikukuuliza. Sikiliza, mwanangu. Hata kama alishika. Mtu anaweza kuua kwa kukusudia na akajuta kabla maiti haijagusa chini. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kushika kamba hakukuambii kwa nini aliiacha pini."

"Najua."

"Basi?"

"Zamani wangesema mashine imeshindwa kujua, na wasingemnyonga mtu kwa jambo wasilolijua."

"Zamani," alisema Bwana Rwegoshora kwa huzuni ya kweli, "walikuwa na mahali pa kuiweka shaka. Sisi hatuna."

Nakijwa alitoka ofisini humo akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Aliiona hila ya jambo hili kwa uwazi kabisa. Ili shaka imwokoe Aminiel, ilimbidi yeye aape kwamba shaka haipo. Akisema kweli, mtu ananyongwa. Akisema uongo, sheria inakuwa imetendewa haki yake ya zamani bila kujua. Na kulikuwa na jambo la tatu lililomtisha kuliko yote: huenda Aminiel aliua kweli, na Mpare mmoja yuko kaburini akisubiri Mpare mwenzake aseme.

*

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na alijua kuitumia. "Mheshimiwa Jaji, mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzani umeonyesha mshtakiwa aliwaza kifo cha marehemu mara zisizohesabika. Ni nani hapa anayewaza kifo cha rafiki yake kila asubuhi?"

Nusu ya watu waliokuwemo walitazama chini. Wengi wao walikuwa na watani.

Kabla ya mpimaji, jaji aliruhusu familia ya marehemu iseme. Mjane wa Togolai, aliyeitwa Mama Heri, alisimama akiwa ameshika kofia nyekundu ya sufi. Hakuwa na machozi. Alikuwa na uchovu.

"Mheshimiwa, mimi sijui madaraja," alisema. "Mimi nina jambo la msiba. Mume wangu amezikwa, watu wamekula, wamekwenda. Lakini hakuna aliyevaa kofia yake. Mtani wetu ndiye huja akavaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye, akamsema ubahili wake, tukacheka, tukajua ameondoka. Mtani wetu mlikuwa mmemfunga. Wamekuja Wachaga wengine, wakajaribu. Hawakujua alivyoimba. Kwa hiyo msiba wangu haujaisha. Watoto bado wanamsubiri mlangoni."

"Mama, unaomba mshtakiwa aachiwe?" jaji aliuliza.

"Hapana. Kama alimuua, mnyongeni." Aligeuka akamtazama Aminiel, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. "Lakini muwe mnajua. Msije mkaninyongea mtani wangu kwa kubahatisha."

Akaketi. Nakijwa alihisi maneno hayo yamemwangukia yeye peke yake.

Alipoitwa, alipanda kizimbani. Alisoma jibu la mashine: Daraja la Kwanza. Watu waliguna. Akasoma jibu la mashine baada ya kichujio: Daraja la Tatu, kuua bila kukusudia, kwa mzaha wa hatari. Watu wakaguna tena, kwa sauti nyingine.

Jaji alivua miwani. "Mpimaji, sheria inanitaka nikuulize na inakutaka ujibu kwa kiapo. Kwamba mawazo uliyoyachuja yalikuwa mzaha, una shaka yoyote?"

Nakijwa alimwona Bwana Rwegoshora kwenye benchi la nyuma akirekebisha tai isiyohitaji kurekebishwa. Aliona kofia nyekundu mapajani mwa Mama Heri. Aliona pini juu ya boksi la vifaa, na mkono unarudi mtupu, na kwa mara nyingine hakuona kwa nini.

"Sina shaka, Mheshimiwa," alisema.

Hakutetemeka, na hilo lilimtisha zaidi.

*

Aminiel alihukumiwa miaka saba. Jaji aliongeza kwamba kabla ya kupelekwa gerezani, mshtakiwa apitishwe nyumbani kwa marehemu chini ya ulinzi, akamalize msiba. Watu walisema jaji ana utu. Nakijwa alikuwa ameshatoka nje kwa mlango wa watumishi, akitaka kufika popote pasipo na watu.

Walimkuta kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, askari wawili na Aminiel katikati yao. Bandeji zilikuwa zimebadilishwa. Chini ya kwapa alikuwa amebana kofia nyekundu ya sufi; Mama Heri alikuwa amempa.

"Dada," alisema. Askari mmoja alimvuta, mwingine akasema mwache kidogo. "Umeshasema na mahakama. Sasa sema na mimi. Niliua au nilitania?"

Nakijwa angeweza kumwambia sijui, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli, na Aminiel angeibeba kweli hiyo miaka saba na mingine yote baada yake, pamoja na pini na ndizi na sweta la shule. Angeweza kumwambia ulitania, kama alivyoiambia mahakama, lakini Aminiel naye alikuwa ndani ya kichwa hicho na angejua uongo ukimpita. Alimhurumia mno. Alijihurumia na yeye. Akamtazama kuanzia miguu hadi kichwa, taratibu, kama bibi yake alivyokuwa akiwatazama Wachaga sokoni, akasonya.

"Mchaga gani wewe," alisema, "aue mtu bila faida?"

Bega la Aminiel likatikisika, na la pili, na kicheko kikamtoka, kikubwa, kibaya, kikapiga kuta za ukumbi, mpaka askari wakalazimika kumshika. Alicheka hadi kikageuka kilio, na hakuna aliyeweza kusema kiligeukia wapi. Askari walitazamana. Hawakuwa watu wa huko.

"Lakini ni kweli?" aliuliza alipopata pumzi, akifuta uso kwa bandeji. "Dada, hiyo ni kweli?"

"Nimeshakujibu."

Alimtazama macho kwa macho, akitafuta. Naye Nakijwa alimwachia atafute, kwa sababu kila mtu wa milima ile anajua kwamba mtani hali kiapo, na neno lake halipelekwi popote kuthibitishwa. Hatimaye Aminiel akatikisa kichwa polepole. Akaivaa ile kofia nyekundu kwa mikono yake mibovu, akaivuta hadi kwenye nyusi, kama Togolai alivyokuwa akiivaa.

Walipomchukua, alikuwa ameanza kuimba, vibaya, akijaribu kuipata sauti ya Togolai kabla hawajafika kwa Mama Heri. Aliikosa, akaanza tena. Nakijwa aliisikiliza mpaka gari lilipoondoka, viganja vikimwaka, akijiuliza alichomjibu kilikuwa nini, utani au ukweli. Hakujua, wala hapakuwa na mtu wa kumvalisha yeye kofia amwambie.